Mlinzi Alitia Bega Mwenyewe

Nianze na jeneza, maana nikianza na yule mheshimiwa nitatukana, na mke wangu amenikataza kutukana kwenye karatasi. Anasema tusi la mdomoni watu watalisahau, hili la karatasini wajukuu watakuja kulisoma na kuuliza babu alikuwa mtu wa namna gani. Babu alikuwa mtu mwenye hasira, wajue tu.

Basi jeneza. Sisi Waislamu wa Kariakoo, hasa tuliotoka kusini, Kilwa, Lindi, Rufiji huko, maiti tunambeba mabegani. Makaburi yakiwa mbali tunapanda magari kama watu wengine, sikatai. Lakini ukisaliwa msikiti wa mtaani kwetu na kaburi lako likawa Kisutu, unakwenda kwa mabega ya watu. Na habebi mtu yule yule mpaka mwisho. Unatia bega hatua kadhaa, mwenzako anakuja ubavuni, anakugusa, unamwachia, unarudi nyuma, unazunguka, unaingia tena. Aliyesimama kando ya njia naye anatia bega, hata kama maiti hamjui. Muuza soksi anaacha soksi zake chini, anabeba mpaka kona, anarudi anazikuta. Vibaka wote wa Msimbazi, jeneza likipita wanakuwa watoto wa madrasa. Kuna jamaa mmoja wa Songea, Mkristo, anauza miwani ya jua, yeye akisikia tunakuja anavua kofia na kutia bega. Niliwahi kumuuliza, wewe unajua tunachosema humu? Akasema, "Mzee, mimi najua mzigo tu."

Na jambo jingine, ambalo ndilo lililotuponza. Ukimwona mtu kasimama kando, mikono kaikunja mbele, analitazama jeneza, humpiti hivi hivi. Huenda ana haya. Huenda anangoja aitwe. Unamwita: karibu, pokea. Ukimwacha umemnyima thawabu yake. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na hakuna aliyetufundisha darasani. Mimi darasani sikukaa sana, niliishia la nne, na hilo la nne lenyewe mwalimu alinipitisha kwa kunihurumia.

Aliyekuwa ndani ya jeneza ni dada yangu mkubwa. Sitataja jina lake, na jina la mtu mwingine yeyote sitalitaja, kwa sababu watu bado wapo na masikio yapo. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi, mwenye sauti. Timu yake ikifungwa alikuwa akikaa barazani na redio mapajani anawatukana wachezaji mmoja mmoja, halafu anaingia ndani kusali, halafu anatoka anaendelea pale alipoachia. Lakini kwa mwili wake alikuwa na haya ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Alipougua, hospitali ya Upanga, daktari wa kiume alikuja kumpima, akavuta shuka mpaka kidevuni akamwambia, "Mwanangu, mimi nakuheshimu sana, niitie mwenzio wa kike." Daktari akacheka, akaenda kumwita.

Alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja, wa kiume, mtu mzima sasa, ana mke na watoto wadogo. Anaendesha bajaji, kijiwe chake kilikuwa kule kule Upanga, kwa hiyo mama yake alipolazwa alikuwa akimshusha abiria anakimbia wodini. Siku moja nimekaa kitandani kwake, dada akamwita mwanawe mbele yangu. Akamwambia:

"Nikifa, kaburini sitaki mkono wa mtu ila wako. Uwe wewe wa kunishika kichwa. Umesikia?"

"Mama, acha hayo."

"Siachi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Huyu mjomba wako msimtie ndani, magoti yake yamekwisha, ataniangusha."

Nikamwambia, "Dada, mimi nipo hapa nakusikia." Akasema, "Ndiyo maana nasema, usikie."

Kwa asiyejua, sisi mwanamke akizikwa wanaoshuka naye kaburini ni maharimu zake, yaani wanaume wa damu ambao hawawezi kumuoa. Mwanawe, nduguye, baba yake. Kwa dada yangu watu wazima wa kushuka walikuwa wamebaki wawili duniani, mwanawe na mimi mwenye magoti yaliyokwisha, maana mimi nilizaa mabinti tu na wajukuu bado wadogo. Hayo ndiyo yaliyokuwa yametushika siku ile. Ilikuwa mwana amzike mama yake, basi. Hatukuwa na ajenda nyingine. Hatukuwa tunapinga kitu. Hata hatukujua kama mheshimiwa anakuja.

Ngoja, nimesema uongo. Tulijua kuna mtu anakuja, kwa sababu asubuhi mgambo walipita wakawatoa machinga barabarani, na mtaro uliokuwa unanuka tangu mvua za mwaka uliopita ukazibuliwa kwa mara ya kwanza. Ukiona mtaro wa Kariakoo umezibuliwa ujue kuna mkubwa njiani. Mama mmoja anayeuza vitunguu akawa anawaambia wenzake, "Mtaro unasafishwa, jamani. Nani anakuja, Nabii?" Mwenzake akamjibu, "Anakuja kutuangalia kama tumenenepa." Watu wakacheka. Nami nilicheka, huku natafuta ubani. Sikufikiri kwamba yule anayekuja na sisi tunaotoka tutakutana.

Tukasali adhuhuri, tukamsalia dada, tukatoka. Jeneza la mwanamke linafunikwa juu likainuka kama hema, ukiliona kwa mbali unajua ni mama wa mtu. Mpwa wangu alikuwa mbele, bega la kulia, na hakutaka kupokelewa. Watu wanamgusa, anatikisa kichwa. Nikamwacha. Ni mama yake.

Tukaingia barabara inayoelekea Mnazi Mmoja. Pale kona tukakuta kamba. Askari wa sare wamesimama, magari yamezuiwa, watu wamesukumwa ukingoni. Askari mmoja akanyoosha mkono tusimame. Imamu akamwendea kwa adabu, akamwambia, afande, hili ni jeneza, na sisi jeneza hatulitui njiani wala hatulisimamishi. Yule askari, kijana wa watu, uso ukamwonyesha kabisa kwamba anaelewa. Akasema, "Mzee, piteni haraka haraka kando huku, hawajafika bado." Akatuinulia kamba. Nasema hivyo ili ijulikane: tuliruhusiwa. Hatukuvunja kamba ya mtu.

Tukapita kando. Na hapo kando, mbele ya duka la mapazia, alikuwa amesimama mtu mmoja mpana, suti nyeusi, miwani, mikono kaikunja mbele hivi, mmoja juu ya mwingine. Anatutazama. Sasa wewe niambie. Jua la saa saba, mtu kavaa nadhifu, kasimama kimya, kakunja mikono mbele ya jeneza. Mimi nilidhani ni mtu wa msiba. Nilidhani labda ni mteja wa zamani wa dada, maana dada aliwahi kuuza mihogo ya nazi pale mtaani na wengi walionenepa mjini hapa walikula kwake wakiwa na njaa. Kile kidude chake cha sikioni chenye uzi sikukiona. Mpwa wangu naye hakukiona, au alikiona akadhani ni simu, vijana siku hizi wote wana nyuzi masikioni.

Mpwa wangu akamwonyesha upande wa kushoto wake, akamwambia, "Karibu, kaka. Pokea."

Na yule mtu akapokea.

Narudia, kwa sababu hapa ndipo walipokuja kupapinda baadaye. Hakuvutwa. Hakuguswa. Aliambiwa pokea, akapiga hatua moja mbele, akainama, akatia bega kama mtu aliyefanya hivyo tangu utotoni. Na midomo yake ikaanza kusema pamoja na sisi. Nilikuwa nyuma yake kabisa, nilimsikia. Kalima yote, bila kukosea. Yule mtu alilelewa na watu. Mama yake alimlea vizuri, popote alipo.

Tukaenda naye hatua kadhaa. Halafu ving'ora vikasikika kutoka upande wa Mnazi Mmoja, na kile kidude cha sikioni lazima kilimwambia kitu, maana alishtuka kama mtu aliyeamshwa. Akaachia. Hakusema "pokea", hakumgusa mwenzake, aliachia tu, katoka chini ya mti wa jeneza kageuka kukimbia. Jeneza likaenda upande. Wewe hujawahi kuona jeneza la mama yako likienda upande. Sanda inateleza ndani. Unasikia, maiti anagonga mbao.

Mpwa wangu kwa mkono mmoja kashika mti, kwa mkono wa pili akamdaka yule mtu mkono wa koti. Akapiga kelele: "Usiachie! Ni mama yangu! Usiachie!"

Kidude kikachomoka sikioni kikaning'inia. Basi. Hicho ndicho kisa chote. Yule muuza miwani wa Songea alirukia akatia bega, jeneza likasimama sawa, na katika muda huo huo wenzake wale wa suti, sijui walitokea wapi, wawili, watatu, walikuwa wameshamkunja mpwa wangu uso kwenye ubavu wa gari. Mtu mwenye kanzu nyeupe na kofia, machozi usoni. Wanampapasa kiunoni kutafuta bunduki.

Imamu anasema, "Jamani, huyu ndiye mfiwa." Mmoja wao, mfupi, anayeonekana mkubwa wao, akasema, "Rudi nyuma, mzee. Usizuie kazi." Mama wa vitunguu kutoka ng'ambo ya barabara akapaza sauti, "Mwachieni, hamna mama nyinyi? Mlizaliwa na hizo suti?" Wakamtupia macho, akazidisha. Msafara ukapita hapo hapo, magari meusi, vioo vyeusi, vuuu, vuuu, vuuu. Mheshimiwa hakuona kitu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hata hakuona. Dada yangu juu ya mabega ya watu, mwanawe amebanwa kwenye gari, na aliyefanyiwa yote hayo alikuwa ndani ya kiyoyozi, labda anasoma simu.

Wakamtia mpwa wangu kwenye difenda, gari la polisi. Akanitazama kupitia ule wavu. Akasema, "Mjomba, msimzike. Nakuja. Msimzike."

Nikasema, "Hatumziki."

Nilisema kwa mdomo wangu.

Jeneza likaendelea Kisutu. Mimi nikapanda bodaboda mpaka kituo cha polisi. Mimi na bodaboda hatupatani, mara ya mwisho nilikuwa nimepanda nikamkumbatia dereva mpaka akaniambia mzee niache nipumue, lakini siku ile sikumbuki hata nilivyoshuka.

Kaunta kuna askari wa makamo, mpole, anakula karanga. Nikamweleza. Akanisikiliza, nimpe haki yake. Akaniambia, "Pole kwa msiba, mzee. Lakini kijana wako ana kosa."

"Kosa gani, afande?"

"Kumzuia askari kufanya kazi yake. Na si askari wa kawaida, analinda kiongozi. Hiyo ni nzito zaidi."

"Alimzuiaje?"

"Alimshika, akamtoa kwenye nafasi yake."

"Afande, alitoka kwenye nafasi yake mwenyewe. Alitia bega. Kijana wangu alimshika alipotaka kuangusha jeneza."

Akatafuna karanga. "Hilo la jeneza mimi silijui. Nimeambiwa kushika."

"Basi mtoeni akamzike mama yake, mumrudishe. Nitakaa mimi hapa mahali pake."

"Mzee, sheria haina kukaliana. Aliyemleta ni mkubwa, yuko na mheshimiwa kwenye mkutano. Mpaka amalize, apige simu, aseme. Mimi nikimtoa, naingia mimi."

"Mkutano unaisha saa ngapi?"

"Ukiisha."

Hapo naomba niseme kidogo, halafu nitaendelea. Mimi sipingi wakubwa kulindwa. Sijasoma lakini si mjinga. Tunasikia kwenye redio nchi za watu, kiongozi anapigwa risasi sokoni, na kinachofuata ni wadogo kufa kwa mamia. Mlinzi lazima awepo, na lazima asichezewe. Mtu akimrushia jiwe, akimzibia njia na gari, akimchomolea kisu, afungwe, na mimi nitakuja kumwona jela nimwambie umeyataka. Lakini waliokaa kuiandika sheria ile, naapa, walikuwa wakimfikiria mtu mwenye kisu. Hakuna aliyefikiri kuhusu mtu aliyebeba mama yake. Na ikishaandikwa inakuwa mikononi mwa yule mfupi wa suti, naye haoni tofauti, au anaiona na haimhusu. Sisi hatukwenda kwa mheshimiwa. Tulikuwa njia yetu ya kila siku, tunakopita na maiti wetu tangu mimi nimevaa kaptula. Yeye ndiye aliyetukuta. Wakafunga barabara yetu, wakasimamisha mtu wao katika mstari wetu, wakamsahaulisha adabu ya kuachia jeneza, halafu sisi ndio tuliozuia. Mimi nikikufungia mlango wako mwenyewe, halafu nikushitaki kwa kugonga, utaniitaje? Basi. Mke wangu ananiangalia kalamu.

Nikakaa benchi. Kutoka ndani nilisikia sauti ya mpwa wangu, "Mjomba, upo?" Nikasema nipo. "Wameshafika makaburini?" Nikasema wamefika. "Wanasubiri?" Nikasema wanasubiri. Askari akatuambia tusizungumze.

Simu yangu ikaita. Imamu. Akasema jeneza wamelishusha pembeni mwa kaburi, kivuli hakipo, wachimbaji wana msiba mwingine unawangoja. Alasiri inakaribia. Akasema kwa upole, "Wewe ndiye ndugu yake. Mimi sisemi lolote. Lakini maiti hatumweki juani kwa ajili ya mtu ambaye hatujui atatoka lini." Nikamwambia nipe kidogo. Akanipa. Nikamwendea tena yule askari. Nikapiga magoti mbele ya kaunta, magoti haya haya. Akaniinua, akasema, "Mzee, usinifanyie hivi, nami nina wazee." Karanga aliziacha. Akapiga simu mbele yangu, akaita "mkuu, mkuu", akakatiwa. Akanitazama akatikisa kichwa.

Nikaondoka bila kumuaga mpwa wangu. Niliogopa sauti yake.

Kisutu nilikuta watu wamesimama, hata wale wachimbaji wameegemea sepetu zao. Wakatandaza kitambaa juu ya kaburi, wakakishika pembe zote, maana mwanamke anasitiriwa mpaka mwisho. Nikavua viatu. Nikashuka. Goti la kushoto lilitoa sauti, nikasikia mtu juu anasema "Ya Rabi." Nikafika chini. Nikaangalia juu nikasema, nahitaji mtu wa miguu. Na maharimu hakuna. Walio pale wote ni wema, wote ni majirani, na hakuna hata mmoja wa damu. Akashuka jirani yetu mwenye duka la vitambaa, mzee Mwarabu, babu yake alikuja kutoka Hadramaut, wamekaa na sisi ukuta kwa ukuta maisha yote. Alifumba macho. Naapa alifumba macho muda wote, akawa anapapasa, ili asimtazame dada yangu hata kwenye sanda. Nikashika kichwa. Tukamlaza ubavu wa kulia, nikafungua kamba za sanda, nikamwelekeza Kibla, tukaziba mwanandani, lile shimo dogo la ndani ya kaburi, kwa mbao. Walinivuta juu watu wanne kama gunia.

Sikulia. Hasira ilikuwa imekaa mahali pa kilio.

Nikarudi kituoni. Nimekaa kwenye lile benchi, akaingia yule yule mtu wa suti, yule mlinzi. Miwani kaivua. Ni kijana tu, macho ya kijana. Akanisogelea.

"Shikamoo, mzee."

Sikumwitikia. Katika maisha yangu yote sijawahi kumnyima mtu marahaba, hata mlevi, hata jambazi aliyewahi kunipora pale Buguruni alinipa shikamoo kwanza nikaiitikia. Huyu nilimnyima. Nilimwangalia viatu.

Akasimama. Akasema polepole, "Mmeshamzika?"

"Tumemzika."

"Mwanawe hakuwepo?"

"Mwanawe mnaye nyinyi."

Akajifuta uso kwa kiganja. Akainama, ananinong'oneza, "Mzee, nilitia bega mwenyewe. Najua. Sikujua hata nafanya nini, niliitwa nikaenda."

"Kaseme hayo kule ndani."

"Nikisema nimeacha nafasi yangu mwenyewe, kazi sina. Nina familia, mzee."

"Na aliye mle ndani ana nini, ng'ombe?"

Akapita kaunta, akaingia chumba cha nyuma, mlango ukafungwa. Aliyoyasema mle mimi siyajui mpaka leo. Sijui kama aliniuza au alijiuza. Alitoka akapita mbele yangu haraka, na baada ya muda mfupi yule askari wa karanga akatoka na mpwa wangu, kofia kaishika mkononi, kanzu ina alama ya vumbi la gari kifuani.

Askari akasema kwa furaha, kama mtu anayetoa zawadi, "Haya, mzee, mambo yameisha. Amesamehewa."

Mpwa wangu akasema, "Nimesamehewa nini?"

"Umesamehewa, nenda nyumbani. Sema ahsante."

"Nimeuliza nimesamehewa nini, afande. Nataka mniambie nimefanya nini. Nipelekeni kwa hakimu. Nataka hakimu aniulize mbele za watu nilikuwa nimebeba nini."

"Twende, mwanangu," nikamwambia.

"Siendi. Mimi nimekosa kumzika mama, na wao ndio wananisamehe? Mimi?"

Askari uso ukabadilika. "Kijana, usinichoshe. Nikikurudisha ndani hutoki leo."

Na hapo mimi, mzee ambaye tangu mkoloni nawaogopa polisi, ninayevuka barabara nikiona sare, nikajisikia napiga kelele. Nilisema maneno mengi, mengine siyakumbuki na mengine mke wangu asingeyapenda. Nilimwambia wamemzuia mtoto asimtie mama yake kaburini, na kwa hilo hakuna sheria, hakuna kosa, hakuna anayekamatwa, hakuna anayeomba hata msamaha. Nilimwambia aende akamwambie mkubwa wake, na mkubwa amwambie mheshimiwa, kwamba leo kalindwa dhidi ya maiti.

Askari akasubiri nimalize. Akasema kwa sauti ya chini, bila ukali, "Mzee, na wewe sasa unamzuia askari kufanya kazi yake. Ondoka. Nakuomba ondoka."

Tukaondoka. Nje, mpwa wangu hakuuliza njia, alishika ya Kisutu, nami nikachechemea nyuma yake. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya maghorofa. Mlinzi wa makaburi alikuwa anataka kufunga, alipoona kanzu ile akatuacha.

Nikamwonyesha. Udongo ulikuwa mbichi bado, na kijiti cha mkwaju tulichokichomeka upande wa kichwa kilikuwa kimelala. Akakisimamisha. Akachuchumaa pale, akaanza kuniuliza, na kila alichouliza nilimjibu kweli, sikuwa na nguvu ya kupamba.

"Nani alishika kichwa?"

"Mimi."

"Na miguu?"

Nikamtaja jirani. Akafumba macho. "Alimwona?"

"Hakumwona. Alifumba macho."

"Alimshika lakini."

"Alimshika. Hakukuwa na mwingine."

Akachukua udongo, akautia pale ulipokuwa umechimbika kwa nyayo za watu, akausawazisha kwa kiganja, akachukua mwingine. Nilitaka kumwambia dini inaruhusu, Mungu anajua, mambo hayo yanayosemwa. Kweli dini inaruhusu, lakini si dini iliyovuta shuka mpaka kidevuni kule Upanga. Yule alikuwa dada yangu, na alitaka kitu kimoja.

Akaniuliza, "Alikuwa mzito?"

"Hapana. Alikuwa mwepesi."

"Najua," akasema. "Wiki zile za mwisho nilikuwa nambeba mwenyewe kwenda msalani. Nilikuwa naweza kumbeba kwa mkono mmoja."